Boriti ya Plastiki: Je, Yaweza Kubeba Dari ya Nyumba ya Lamu?

Msomaji, ukilala chali ndani ya nyumba ya mawe mjini Lamu, macho yako hayana pa kutua ila kwenye boriti. Zimelala juu moja baada ya moja kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake yamepangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe imemwagwa chokaa na kokoto, ikapigwa hata ikashikana, ikawa sakafu ya ghorofa ya pili. Mtoto wa Lamu huzihesabu boriti hizo usiku akingojea usingizi. Mimi nilizihesabu chumbani mwa marehemu bibi yangu, mzaa mama, nazo zilikuwa kumi na tisa.

Masika yaliyopita moja ililia. Waliolelewa katika nyumba hizi wanaujua mlio huo, wala hawaungojei uwaambie mara ya pili. Tuliita fundi, mzee ambaye ameshazitengeneza dari nyingi za mtaani kwetu. Akapanda ngazi, akaigonga boriti kwa mpini wa nyundo, akaweka sikio, kisha akaingiza kidole pale ambapo kichwa cha boriti huzama ukutani. Kidole kikaingia chote. Maji ya mvua yalikuwa yakivuja juu na kushuka ndani ya ukuta kwa miaka, na mti ukaoza mahali pasipoonekana.

Mpwa wangu alikuwa chini akishikilia ngazi. Yeye ni katika wale vijana wanaookota taka za plastiki ufuoni na kuzipeleka kusagwa. Akasema, "Mjomba, ya nini kukata mkoko mwingine? Mimi nitakuletea boriti ya plastiki. Haiozi, hailiwi na mchwa, wala haijui mvua."

Nilidhani mzee atacheka. Hakucheka. Alishuka taratibu, akajifuta vumbi, akamwambia, "Ilete, mwanangu. Tuitie kazini kwanza, ndipo tuseme."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizauliza juu ya jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

MKOKO NA KAZI YAKE

Kwanza tuujue mti wenyewe, maana huwezi kutafuta badala ya kitu usichokijua. Wakata mikoko wa kwetu hawasemi "mti" tu. Wana fito, wana pau, wana mazio, wana boriti, wana nguzo, kila kimoja kwa unene wake na kazi yake, na huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkoko wenyewe na mkandaa ndiyo inayopendwa zaidi kwa ujenzi, kwa kuwa ni migumu, imenyooka, na ndani yake mna utomvu mkali ambao wadudu hawaupendi.

Miti hiyo haikujenga Lamu, Pate na Siyu peke yake. Karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakishusha tende na mazulia, na kusi ilipovuma yakarudi yamesheheni boriti. Nenda Oman, nenda Bahrain au Kuwait, uzitazame nyumba kuukuu zilizosalia, utaiona mikoko ya Afrika Mashariki juu ya vichwa vya watu. Mji usio na miti ulipata dari kutoka kwetu. Biashara hiyo ya nje ilikoma pale serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti mwaka 1982.

Na kuna jambo ambalo wageni hulistaajabia. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba, vingi havizidi meta tatu kwa upana. Wengine hudhani ni desturi tu. Sababu ni boriti: upana wa chumba ni urefu ambao boriti inaweza kuuvuka ikiwa imebeba mawe na chokaa bila kupinda. Kwa hiyo msituni ndiko kulikopimiwa vyumba vyetu. Hata katika magofu ya Gede na Takwa, ambako dari zilishaanguka zamani, matundu ya boriti yangalipo ukutani.

Sasa tuje kwenye taabu yenyewe. Karibu asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Ndani ya mizizi yake huzaliana samaki, kamba na kaa, na ndiyo inayoishika ardhi isiliwe na bahari. Mvuvi anayelalamika kuwa samaki wamepungua, na mjenzi anayelalamika kuwa boriti nene hazipatikani, wanalia msiba mmoja. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya nchi nzima, mikoko ikiwamo. Jamaa waliotegemea shoka na mashua walikaa bila kazi, na kelele zao zikasikika, hata baadaye amri ikalegezwa kwa upande wa Lamu. Nani alaumiwe hapo? Mwenye kutaka msitu ubaki ana haki yake, na mwenye watoto wa kulisha ana yake.

TAKA ISIYOKWISHA

Upande wa pili wa hadithi uko ufuoni. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na adhabu yake si ya mzaha: faini hadi shilingi milioni nne, au kifungo hadi miaka minne. Mwaka 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa katika mbuga na fuo zinazohifadhiwa. Mifuko ilipungua, hilo halina ubishi. Lakini chupa za maji na soda hazikupungua, wala madumu ya mafuta, wala mabeseni yaliyopasuka, wala champali. Halafu bahari haijui mpaka. Kusi ikivuma hutuletea taka za watu ambao hatujawahi kuwaona.

Katika mji kama wa Lamu, wenye vichochoro ambavyo hata mkokoteni wapita kwa taabu, taka hubebwa na punda. Na punda huyo huyo akifunguliwa jioni huenda jaani akala alichokibeba asubuhi. Wanyama hao hufa na plastiki tumboni. Ndiyo maana mpwa wangu akisema jambo hili ni jihadi yake simcheki, ingawa ana tabia ya kutia chumvi.

Habari iliyowapa vijana hawa moyo, bila shaka, ni ile ya dau. Mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda, fundi wa kuunda majahazi, walishirikiana na watu wa mradi uitwao Flipflopi, ulioanza mwaka 2016, wakaunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa. Mkuku, mataruma, mbao, vyote plastiki. Dau lenyewe lina urefu wa meta tisa, limekula karibu tani kumi za plastiki, na ubavuni limevalishwa rangi za champali zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Lamu mwezi wa Septemba 2018. Mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga kuelekea Unguja, safari ya kilometa 500 hivi, na mwaka 2021 likaonekana katika Ziwa Victoria. Waliosema litazama wakabaki na maneno yao.

Basi kijana wa Lamu akiliona dau hilo likielea hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: ikiwa plastiki yaweza kuwa mkuku, kwa nini isiwe boriti?

Huko bara walikwisha kuanza kujibu. Lorna Rutto aliacha kazi ya benki akaanzisha kampuni ya EcoPost mwaka 2009, wakatengeneza nguzo za ua kwa plastiki ya takataka za Nairobi. Nzambi Matee naye, mhandisi kijana, alianzisha Gjenge Makers, ambako plastiki huchanganywa na mchanga, ikapashwa moto, ikagandamizwa kwa mashine ikawa matofali ya kutandika njia, yale tuyaitayo kabro. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtunukia tuzo kwa kazi hiyo. Na kule Côte d'Ivoire, UNICEF na kampuni moja ya Colombia walijenga madarasa ya shule kwa matofali ya plastiki yanayoshikana bila saruji, mfano wa mtoto anavyopanga vichezeo vyake.

Lakini msomaji aangalie vizuri vitu hivyo. Nguzo ya ua husimama, haibebi. Kabro hulala chini, na ardhi ndiyo inayoibeba. Tofali la ukuta hukandamizwa kutoka juu. Hata ubao wa dau hushikiliwa na mataruma na kuinuliwa na maji kila upande. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi ya boriti, ambayo hulala hewani, imeshikwa ncha mbili tu, na katikati imebeba mzigo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, na chini yake kuna watu wamelala.

KAMA VILE UNGA NA CHOKAA

Nilikwenda kuona wanavyofanya kazi. Jambo la kwanza nililojifunza ni kuwa "plastiki" si kitu kimoja, kama vile unga na chokaa visivyokuwa kitu kimoja kwa sababu vyote ni vyeupe. Tazama chini ya dumu au chupa, utaona pembetatu yenye namba ndani. Namba 1 ni chupa ya maji. Namba 2 ni dumu la mafuta, la sabuni au la maziwa. Namba 5 ni vifuniko na mabeseni. Namba 3 ni ile ya mabomba, na hiyo ndiyo shetani wa jamaa: ikipata moto hutoa mvuke wa asidi unaochoma vifua na kuila mashine.

Ikiwa namba imefutika, vijana wana hila yao. Hukata kipande wakakitupa katika ndoo ya maji. Dumu na kifuniko huelea. Chupa ya maji na bomba huzama. Kinachoelea ndicho cha boriti. Baada ya hapo huoshwa, husagwa ikawa kama mahindi yaliyopondwa, hukaushwa kabisa, kisha huingia katika mashine yenye skrubu kubwa inayoisukuma huku ikiyeyushwa, ikatoka kama uji mzito na kuingia katika kalibu ya chuma. Plastiki ya dumu huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, na chupa ya maji hungoja hadi kama 250. Ukizichanganya, moja imeungua na nyingine bado ni mbichi, na boriti itakayotoka ina vidonda ndani.

Hapa sina budi kusema jambo moja na nisifiche. Wako watu ambao wamesikia habari za matofali ya plastiki, wakachukua pipa, wakawasha kuni chini, wakatupa humo kila walichokiokota pamoja na mchanga, wakakoroga kwa mti huku moshi mweusi ukiwapiga usoni, na watoto wamekaa wakitazama. Moshi ule ni sumu. Heri taka ibaki jaani kuliko kuihamishia vifuani mwa vijana wetu.

Boriti ililetwa nyumbani kwetu juu ya punda, na punda wa watu akalalamika. Ilikuwa nyeusi, mraba, sentimita kumi kila upande, laini kama sabuni. Bei yake ilikuwa juu ya bei ya mkoko, jambo ambalo mpwa wangu alilisema kwa sauti ya chini.

MAGUNIA MAWILI YA MCHANGA

Mzee fundi hakuipandisha darini. Aliweka mawe uani, akalaza juu yake boriti ya plastiki, na kando yake boriti ya mkoko yenye urefu uo huo. Akaamuru kila moja ining'inizwe magunia mawili ya mchanga katikati. Papo hapo ile ya mkoko ikashuka kidogo tu, hata unene wa penseli haukufika. Ile ya plastiki ikashuka vidole vitatu.

"Haikuvunjika," mpwa wangu akasema.

"Sikusema itavunjika," mzee akajibu. "Twende tukasali."

Tukaiacha siku tatu, jua likiiwakia. Siku ya tatu vidole vitatu vilikuwa kiganja kizima. Magunia yalipoondolewa, mkoko ulirudi ukanyooka. Plastiki ilibaki na kitambi.

Sijui kama mzee amewahi kusoma kitabu cha uhandisi, lakini alichokionyesha uani ndicho kilichomo vitabuni. Plastiki ya dumu ina ugumu wa kupinda ambao ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa mti mzuri, na pungufu. Tena ina tabia ambayo mti hauna kwa kiasi hicho: ukiipa mzigo ule ule bila kuongeza, yenyewe huendelea kulegea polepole siku hata siku, na joto likizidi hulegea zaidi. Vilevile hurefuka na kufupika. Boriti ya plastiki ya meta nne iliyokuwa na ubaridi wa alfajiri, ikipata jua la adhuhuri paani, yaweza kurefuka sentimita moja na nusu au mbili. Ukiikaza ndani ya ukuta wa chokaa, itausukuma. Dari ya mawe na chokaa haitaki mchezo huo, maana ikipinda kidogo tu hupasuka, na ikipasuka maji huingia, tukarudi tulikoanzia.

Na moto je? Mkoko ukishika moto huungua kutoka nje kwenda ndani, nao huendelea kubeba kwa muda, watu wakapata kutoka. Plastiki hulegea kabla haijawaka, na ikiwaka hudondosha matone ya moto. Katika mji ambao nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na gari la zimamoto haliwezi kupita, hilo si jambo la kusahaulika. Ziko dawa za kutia ili plastiki isishike moto upesi, lakini anayeuza aulizwe, na athibitishe.

Kuna pia sheria. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na anayetaka kubadilisha nyumba yake hana budi kupata idhini kwanza. Binafsi naona ni vyema. Bila hiyo tungelikuwa tumekwisha kujipaka rangi za champali sote.

Je, mpwa wangu alishindwa? Ningesema sivyo, na mzee mwenyewe hakusema hivyo. Jioni ile alikaa barazani, akaanza kuhesabu kwa vidole mahali ambapo sisi watu wa pwani tunatupa mkoko bure. Ua wa banda la ng'ombe. Vigingi vya shamba. Nguzo za kufungia mashua, ambazo wadudu wa majini huzitoboa zikaanguka. Ngazi za gatini. Viti vya barazani. Meza za soko la samaki, zinazooshwa kila saa na kuoza kila mwaka. Huko kote hakuna mzigo wa kutisha, na maji ndiyo adui mkubwa, na plastiki haiwaogopi wadudu wala haiyaogopi maji. Mkoko mmoja ukiachwa msituni kwa sababu kigingi kimekuwa cha dumu, huo ndio mkoko utakaonenepa ukawa boriti ya dari ya mtu mwingine. Alisema tena kuwa vumbi la plastiki wakati wa kukata lizolewe, lisipeperuke likarudi baharini kwa mlango wa nyuma. Hilo mpwa wangu hakuwa amelifikiria, akaliandika katika simu yake.

Dari yetu tuliitengeneza kwa boriti ya mkoko iliyotoka katika nyumba iliyobomoka mtaa wa pili. Mti ule una umri kuliko sisi sote, na mzee aliukata kichwa kibovu, akaupaka, akauzamisha ukutani, akaziba pale juu palipokuwa pakivuja. Kazi ya siku mbili. Hivyo boriti yetu nayo ni takataka iliyorudishwa kazini, ingawa hakuna aliyeipa tuzo.

Boriti ya plastiki imekatwa vipande vinne, imekuwa miguu ya kiti kirefu cha barazani, na wazee hukikalia baada ya magharibi.

Lakini mpwa wangu hakunyamaza. Wiki tatu zilizopita alileta nyingine, nene zaidi, na ndani yake wamepitisha bomba la chuma tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa iko uani juu ya mawe yale yale, na magunia yale yale mawili. Mzee hupita kila siku baada ya alasiri, hupiga hodi, huinama akapima kwa vidole vyake, kisha huenda zake. Mpaka leo ninapoandika imeshuka kidole kimoja. Hajasema neno.